Pima Mtoto Kabla ya Kukata Tiketi

Tangazo la bustani ya burudani halina foleni. Halina jua la Agosti, halina mtoto aliyebanwa na haja ndogo wakati familia imebakisha watu watatu tu mbele yake, wala halina bei ya chupa ya maji. Lina watoto wanaocheka na baba mwenye meno meupe. Familia nyingi za kwetu Mombasa zinazoota safari ya namna hii huanzia kwenye tangazo, zikaenda kwa wakala, kisha zikaishia kwenye mkopo. Sisi tulianzia kwingine, na makala haya yanaeleza njia tuliyopita mimi, baba watoto na watoto wetu watatu hadi Yas, kisiwa cha Abu Dhabi ambako bustani kubwa za burudani zimepangana kama maduka ya leso ya Biashara Street.

Niseme mapema ninachokiamini tangu tulipokwenda. Fedha nyingi zinazomtoka mzazi ndani ya bustani hizi hulipia muda. Hulipia kuruka foleni. Hulipia maji ghali kwa sababu hakuna wasaa wa kwenda kuyatafuta kwingine. Hulipia teksi kwa kuwa basi limeshaondoka. Aliyepanga mapema ameununua muda huo akiwa nyumbani, kwa bei ya nyumbani. Asiyepanga huununua langoni, kwa dirhamu.

Watoto wetu wanazijua bembea za Makadara, zile zinazofungwa wakati wa Idi, mtoto anapanda na mzazi anasubiri pembeni na kashata mkononi. Pale mpango wote ni kuwa na chenji. Safari ya ng'ambo ina maswali mengine, na la kwanza tulilojiuliza lilikuwa nchi gani itatufungulia mlango bila kutumaliza kabla hatujaondoka.

Watoto walitaka Disney ya Florida, ile iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo kila mtoto mwenye televisheni anaijua. Nikachukua kalamu. Ombi la viza ya utalii ya Marekani ni dola 185 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na fedha hizo hazirudi hata ukinyimwa. Watu watano ni dola 925, karibu Sh120,000, na hapo hujapanda hata matatu ya kwenda uwanja wa ndege. Tukaigeukia Disneyland ya Paris. Viza ya nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya miaka 6. Kifungua mimba wetu ana miaka 13, kwa hiyo kwenye hesabu hiyo ni mtu mzima. Jumla yuro 315, pamoja na bima ya safari inayofika yuro 30,000, taarifa za benki, barua za kazi na siku ya kupeleka alama za vidole Nairobi. Si njia mbaya kwa mwenye uwezo. Kwetu sisi ilikuwa ndefu.

Falme za Kiarabu ziko umbali wa saa tano hivi kwa ndege. Viza huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, bila mahojiano. Saa ya huko imetangulia yetu kwa saa moja tu, hivyo mtoto hapotezi siku mbili akilala mchana na kucheza usiku. Chakula cha halali hakitafutwi, kiko kila kona, na vyumba vya kuswalia vipo ndani ya maduka makubwa. Binti yangu alisoma mahali kwamba mwezi Mei 2025 Disney na kampuni ya Miral ya Abu Dhabi walitangaza kujenga bustani ya Disney hapo hapo Yas.

"Basi mama, si tungoje hiyo?"

"Ukiingoja hiyo utaenda na wanao," nikamjibu.

Tukakubaliana Yas. Swali la pili likawa lini.

Shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Desemba ndio msimu mzuri wa hali ya hewa Ghuba, na kwa sababu hiyo hiyo ndio msimu wa bei kali: Wazungu wanakimbia baridi yao, Waarabu wako nje, vyumba vimejaa. Agosti ni kinyume chake. Joto hupita nyuzi 40, na sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Hoteli hushusha bei. Zaidi ya hayo, mwaka 2018 serikali yao iliamua kuwa watoto walio chini ya miaka 18 wanaofuatana na mzazi wasitozwe ada ya viza ya utalii kati ya tarehe 15 Julai na 15 Septemba. Likizo yetu ya Agosti inaangukia katikati ya muda huo.

Wakala wa kwanza tuliyemwendea alituandikia viza za watu watano kwa bei moja. Nilipomtajia habari ya watoto alisema hiyo ni "gharama ya huduma". Wa pili alizitenganisha bila kuombwa: ada ya viza mstari wake, huduma yake mstari wake. Huyo ndiye tuliyemlipa. Kila mzazi atakayesafiri msimu huo aulize swali hilo hilo, na aombe jibu kwa maandishi.

Joto lenyewe ndilo lililotuchagulia bustani. Yas ina bustani ya maji, Yas Waterworld, iliyofunguliwa 2013, na SeaWorld iliyofunguliwa 2023. Ina Ferrari World ya mwaka 2010, na Warner Bros. World ya mwaka 2018. Hii ya mwisho yote iko ndani ya jengo, chini ya viyoyozi, na Ferrari World sehemu yake kubwa imefunikwa na paa jekundu linaloonekana hata kutoka angani. Bustani ya maji mwezi Agosti ina raha yake, lakini mtoto wa miaka minne akikanyaga sakafu iliyochomwa na jua la saa saba, siku imekwisha. Tukaiacha.

Kabla ya kulipia chochote, niliazima futikamba ya fundi wa mtaani nikawasimamisha watoto mmoja mmoja kwenye fremu ya mlango wa jikoni, miguu mitupu, visigino vikigusa ubao, kitabu kimelazwa kichwani. Hili ndilo jambo ningelitanguliza kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu. Bustani hizi hazimwangalii mtoto kwa umri wala kwa ujasiri, zinamwangalia kwa sentimita. Kila chombo kina kimo chake cha chini, kimeandikwa kwenye tovuti ya bustani, na mlangoni pake pana kijana mwenye fimbo ya kupimia asiyejua mswalie Mtume. Formula Rossa, rolakosta kubwa ya Ferrari World, inataka sentimita 140.

Binti alitoka 151. Akapiga vigelegele. Mdogo wake wa miaka tisa alitoka 132.

"Mama, nikivaa viatu vya soli nene?"

"Soli ya sentimita nane iko wapi, baba?"

Kitinda mimba akatoka 101, akadai kupimwa tena kwa kuwa alikuwa amepinda goti. Nikapima tena. Ikawa 101.

Namba hizo tatu zilipanga likizo nzima. Niliketi na orodha za bustani nikaweka alama kando ya kila chombo: nani anaweza kupanda, nani atabaki chini, na nani atabaki naye. Ferrari World ilikuwa na mengi kwa binti na baba yake, mengi ya kutosha kwa yule wa kati, machache kwa mdogo. Warner Bros. World, yenye mitaa yake ya vibonzo na Bedrock ya akina Flintstone, ilimfaa mdogo na wa kati bila kumchosha mkubwa. Bustani mbili basi, kila moja siku yake, na katikati siku ya kupumzika isiyo na tiketi. Ningekuwa na watoto wawili wa chini ya miaka saba, wala nisingefika Yas. Ningewapeleka Legoland ya Dubai, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 12, ambako mtoto wa sentimita 101 ni mtu wa maana.

Fedha nazo zikaja na somo lake. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, haipandi haishuki. Maana yake ni kwamba Mkenya anayeweka akiba kwa ajili ya Abu Dhabi anapambana na dola, hata kama hataigusa. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, hivyo dirhamu 100 zilikuwa karibu Sh4,360. Serikali ya Kenya ilipopata dola bilioni moja na nusu za hatifungani mpya mwezi Februari, shilingi ikapata nguvu, na baadaye mwaka huo dola ikatulia kwenye Sh129 hivi. Dirhamu 100 zile zile zikawa Sh3,510. Hakuna aliyepunguza bei ya tiketi hata senti moja, ila mtu aliyelipa Januari na aliyelipa Agosti walinunua kitu kimoja kwa bei mbili.

Hakuna mzazi awezaye kuitabiri dola, na sisi hatukujaribu. Kila mshahara ulipoingia tulinunua dola kidogo tukaziweka kwenye akaunti ya fedha za kigeni. Mwezi mwingine tulinunua ghali kidogo, mwingine nafuu, na mwisho wa safari bei ikajisawazisha yenyewe. Baba watoto alitaka tuchukue mkopo wa sacco tumalize mara moja. Nikamwambia mkopo wa sacco ni wa ada ya shule na paa la nyumba. Mkopo wa bembea utalipwa miezi mingi baada ya picha kusahaulika kwenye simu. Alinung'unika, akakubali.

Daftari la nyumbani nililigawa kurasa tatu. Ya kwanza ni ya yasiyoepukika: nauli, viza, malazi, tiketi za bustani, bima. Ya pili ni ya kila siku: chakula, maji, usafiri wa ndani. Ya tatu niliipa jina "Ya kushtukizia", na humo tukaweka sehemu moja ya kumi ya jumla yote bila kuitaja kazi yake. Nimeona watu wakiandika ukurasa wa kwanza tu, wakauita bajeti. Ukurasa wa kwanza hulipwa nyumbani na akili ikiwa imetulia. Wa pili na wa tatu ndizo zinazomfedhehesha mzazi mbele ya wanawe.

Nauli ilikuwa mzigo mzito kuliko yote. Tangu Januari 2024 flydubai wanaruka moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Dubai. Kutoka Nairobi, Emirates wanakwenda Dubai na Etihad wanakwenda Abu Dhabi yenyewe. Mara nyingi bei ya Nairobi huonekana nafuu kwenye simu, na hapo ndipo watu wa pwani hujipunja. Treni ya SGR daraja la kawaida ni Sh1,500 kwa mtu mzima na nusu kwa mtoto wa miaka 3 hadi 11. Kwa familia yetu hiyo ni Sh6,000 kwenda na Sh6,000 kurudi. Ongeza teksi ya Miritini, teksi ya Syokimau, chakula cha njiani, pengine na chumba cha kulala ikiwa ndege ni ya alfajiri. Nafuu ya Nairobi lazima ishinde jumla hiyo yote ndipo iitwe nafuu. Jambo jingine: kwenye ndege mtoto akitimiza miaka 12 hulipa kama mtu mzima. Mwenye mtoto wa miaka 11 na miezi kadhaa aangalie tarehe ya kurudi, si ya kwenda tu.

Watu watano ni idadi ya taabu. Dunia ya likizo imepangwa kwa wanne: baba, mama, watoto wawili. Chumba cha kawaida cha hoteli hupokea watu wazima wawili na watoto wawili. Teksi ya kawaida ya Dubai hubeba abiria wanne, wa tano akitokea unahitaji gari kubwa la bei kubwa. Hata tiketi za "familia" zinazotangazwa kwa punguzo nyingi ni za wanne. Nilijifunza kuandika "watu wazima 2, watoto 3" mwanzo kabisa wa kila utafutaji, kwa sababu bei inayoonekana ukiandika wanne, kisha ukaongeza wa tano mwishoni, haina uhusiano na ile utakayolipa.

Malazi tuliyagawa mawili. Siku za kwanza tulikaa Deira, mji wa zamani wa Dubai, ambako hoteli ni za bei ya wastani na sahani ya wali wa Kihindi haimfilisi mtu. Kisha tukahamia Yas kwa siku za bustani tu. Hoteli za kisiwani ni ghali ukitazama bei ya usiku mmoja, lakini mara nyingi huuza chumba pamoja na tiketi za bustani, na kuna mabasi ya bure, Yas Express, yanayozunguka kati ya hoteli na bustani. Ukijumlisha tiketi za watu watano, kila moja ikiwa zaidi ya dirhamu 300, na teksi mbili kubwa kila siku kutoka Dubai, hesabu hugeuka. Kwetu iligeuka. Muulize mwenye hoteli bei ya mwisho yenye kodi zote, kwa kuwa Dubai peke yake ina ada ya utalii ya kati ya dirhamu 7 na 20 kwa kila chumba kila usiku kulingana na nyota za hoteli, juu ya kodi ya manispaa na ada ya huduma.

Karatasi hazina raha ila hazisamehi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele yake. Za watoto huombwa eCitizen kama zetu, zikihitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi, na anayengoja mpaka shule zifungwe atakuta nusu ya kaunti iko kwenye mstari huo huo. Tazama na mfuko wa dawa: Falme za Kiarabu zinadhibiti vikali dawa zenye kodeini na tramadoli. Dawa ya kikohozi unayoinunua dukani bila kuulizwa inaweza kukuweka mbele ya ofisa wa forodha ukijieleza. Zetu tulizipunguza hadi parasetamoli na chumvi ya kuharisha.

Siku ya Ferrari World tulikunywa chai nzito hotelini, tukafika nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, tukiwa na chupa tupu za maji kwenye begi. Bustani za namna hii haziruhusu chakula cha nje isipokuwa cha mtoto mchanga, kwa hiyo chakula cha mchana lazima kiandikwe ukurasa wa pili wa daftari kwa bei ya ndani. Milango ilipofunguliwa umati ulisimama kwenye mapambo ya mwanzo kupiga picha. Sisi tulipita moja kwa moja hadi Formula Rossa, ndani kabisa. Mkusanyiko wa asubuhi huanza karibu na mlango, na saa ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote. Tiketi ya kuruka foleni, inayouzwa kwa fedha ya ziada, hatukuihitaji, maana hapakuwa na foleni ya kuruka.

Mbele yetu palisimama mvulana mmoja na babake. Mtoto alikuwa na nywele nyingi zilizosimama wima. Kijana wa fimbo alimpima, fimbo ikazibonyeza nywele taratibu mpaka ikagota kwenye fuvu, na kati ya fimbo na alama pakabaki upana wa vidole viwili. Baba akabisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kisha akanyamaza. Mtoto akalia kilio kile cha chinichini cha mtu aliyeahidiwa mbele ya wenzake. Wetu wa kati alitazama yote hayo akiwa ameshikilia begi langu. Yeye aliijua namba yake tangu mlango wa jikoni. Alikwisha kulia nyumbani, bure, akamaliza.

Binti na babake walipewa miwani ya kuzuia mchanga na wadudu, kwa kuwa njia yenyewe hutoka nje ya jengo na ina zaidi ya kilomita mbili. Chombo hicho hurushwa kwa mtambo wa shinikizo na kufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano. Kwa miaka mingi tangu 2010 hakikuwa na mpinzani duniani. Tulisikia ngurumo, kisha ukimya, kisha tukawaona wakishuka. Binti alikuwa akizungumza kabla hajafika. Baba watoto alikuwa hazungumzi. Aliketi kwenye benchi akaniambia, "Zamu yako, mama watoto." Bustani nyingi kubwa zina utaratibu huo: mzazi mmoja akipanda, mwenzake hubaki na wadogo, kisha wabadilishane bila kuanza foleni upya. Huwa hautangazwi sana, ni lazima uulize kwa mhudumu wa chombo. Nikauliza, nikaruhusiwa, nikapanda. Sitasimulia zaidi ya kusema kwamba Ayatul Kursi ni ndefu kuliko Formula Rossa.

Mlango wa kutokea kwenye vyombo vingi hupitia dukani. Hilo si bahati, limepangwa hivyo: mtoto anatoka na moyo unadunda, anakutana na kofia nyekundu na kigari cha kuchezea kwenye usawa wa macho yake. Kwa hiyo kila mtoto tulimpa bahasha yake asubuhi, dirhamu 60, na sheria moja: hakuna nyongeza, ila chenji ni yake. Wa kati aligeuza vibandiko vya bei kimoja baada ya kingine, akizidisha kwa 35 kwa sauti ya chini. "Mama, hii kofia ni shilingi elfu nne na zaidi." Akairudisha. Akachukua kalamu, akatia zilizobaki mfukoni. Mwalimu wake wa hesabu hajawahi kupata dakika arobaini za umakini kama zile.

Siku za kwanza, tulipokaa Deira, tulikuwa tumezunguka Dubai kwa treni za metro, ambazo nauli yake ni kati ya dirhamu 3 na 7 na nusu kwa mkubwa na bure kwa aliye chini ya miaka mitano. Humo ndani kula au kunywa ni faini ya dirhamu 100, na mdogo wetu alikuwa na biskuti mkononi, ikabidi iingie mdomoni yote kabla ya geti. Kwenye hori la Dubai tulivuka kwa abra, mashua ya abiria, dirhamu moja kwa kichwa. Nilitegemea watoto washangae kwa bei hiyo. Binti akanitazama. "Likoni ni bure," akasema.

Kuhusu ununuzi: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza 2018, mtalii hurudishiwa sehemu yake kubwa uwanja wa ndege, ikiwa amenunua bidhaa za dirhamu 250 au zaidi kwenye duka lililomo kwenye mpango huo na akaomba fomu wakati wa kulipa. Tiketi za bustani, chakula na hoteli havimo. Begi la shule la binti na viatu vya baba yake vilinunuliwa kwa pamoja, risiti moja, kwa sababu hiyo.

Tuliporudi nilifungua daftari nikajumlisha. Nauli za ndege zilitangulia, zikafuatwa na vyumba, kisha tiketi za bustani, kisha chakula. Ukurasa wa tatu ulibaki na fedha. Ninavyoona, safari ya namna hii inawezekana kwa familia ya mishahara miwili ya kawaida ikipewa mwaka mzima au zaidi wa kuweka akiba, na haiwezekani kwa familia iliyoamua mwezi Julai kwenda mwezi Agosti, hata kama ina mishahara mikubwa kuliko yetu. Anayeamua kwa haraka atafika, atacheka kwenye picha, na atarudi na deni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kumpigia wakala simu, tafuta futikamba. Andika kimo cha kila mtoto, fungua tovuti ya bustani unayoitaka, uone ni vyombo vingapi watoto wako watapanda kweli. Kama ni vichache, subiri mwaka mmoja wakue na akiba ikue pamoja nao. Kama vinatosha, chagua bustani moja au mbili, lipa mapema, na acha siku moja isiyo na tiketi. Na kama hesabu haikai bila mkopo, usiende mwaka huu. Idi itakuja, na Makadara kuna bembea.